Jicho Lililoshuka Lenyewe

Nyumbani kwetu anayejua jibu la kitendawili haruhusiwi kulisema. Anashusha kope moja, la kushoto au la kulia kadiri apendavyo, anakaa kimya, na wenzake wanaendelea kusumbuka. Mwisho wa mchezo walioshusha kope wanainuka mezani na walioshindwa wanaosha masufuria. Sheria hiyo niliiweka mimi watoto wangu walipokuwa wadogo, maana mkubwa wao alikuwa akiropoka majibu kabla sijamaliza kutega na wadogo zake wanalia. Ikabaki. Wameoa, wameolewa, wana watoto wao, na bado ukiingia kwetu Jumapili baada ya chakula utakuta watu wazima wamekaa na jicho moja nusu, kama kuku wanaosinzia.

Kwa hiyo Jumapili ile tulipomwona Kitinda ameshusha kope la kushoto, tulicheka.

Kitinda ni mwanangu wa mwisho, ndiyo maana akaitwa hivyo. Ni mkataji katika karakana ya kushona sare za shule. Vitambaa vinatandazwa kwenye meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, anachora kwa chaki, halafu anapita na mkasi mkubwa bila kuinua mkono mpaka mwisho wa meza. Kidole gumba chake cha kulia kimeota sugu pale kinapoingia kwenye mkasi. Mumewe ni fundi wa kuchomelea, mtaa mzima unamwita Cheche. Wana binti mmoja aliye darasa la tatu, nami nakaa nao, chumba kile cha mbele chenye dirisha la barabarani.

Sasa turudi nyuma kidogo, Ijumaa. Karakana ilizima mashine mapema ili watu wacheze. Walikimbia na magunia, walikimbia na yai kwenye kijiko, na mwisho wakavuta kamba, wakataji upande huu, washonaji upande ule. Washonaji ni wengi. Wakataji ni wachache lakini wana mikono. Mtu wa mwisho kwenye kamba wanamwita nanga: anaipitisha kamba mgongoni, anaileta juu ya bega, anajilaza nyuma asing'oke. Wakamweka Kitinda, kwa sababu amerithi umbo langu, kiuno kimekaa chini, ukimsukuma unaanguka wewe.

Alituhadithia jioni ile akiwa bado na vumbi la uwanja kwenye nyusi. Washonaji walivuta kwa mkupuo, kamba ikaruka kutoka begani ikamkaa shingoni, chini ya taya upande wa kushoto, kichwa kikaenda nyuma na pembeni kama cha mwanasesere. Hakuachia.

"Ningeachia tungeanguka wote," alisema.

Wenzake wakakaza, washonaji wakaja mbele wakiburuza viatu, wakataji wakashinda. Alituonyesha alama. Ilikuwa mstari mwekundu mwembamba tu, utadhani mtu amempima shingo kwa chaki akasahau kufuta.

"Ungejinyonga kwa ajili ya kreti ya soda?" mumewe akamwuliza.

"Soda gani. Walitupa sabuni."

Tulicheka mpaka mjukuu akaja kuuliza kuna nini.

Jumamosi aliamka na shingo inauma. Alisema maumivu hayako mfupani, yako ubavuni mwa shingo, yanapanda chini ya taya mpaka nyuma ya jicho. Akameza vidonge vya maumivu akaendelea na kazi zake. Mchana tulikuwa tunakunja nguo zilizokauka, akasimama na shuka mkononi.

"Mama, nani anafagia?"

"Wapi?"

"Hapo uani."

Nikachungulia. Uani palikuwa na ndoo iliyofunikwa kifudifudi na kandambili za Cheche, basi. Nikamwambia hakuna mtu. Akanyamaza kama anayesikiliza mlango wa jirani.

"Anafagia bado," akasema. "Fya, fya, fya. Nikinyamaza ndiyo anazidi."

"Ni maji ya kuoga yameingia sikioni."

"Labda." Akakunja shuka, akalikunja vibaya, akalikunjua, akaanza upya. Yeye anayekunja kitambaa pembe kwa pembe akiwa amefumba macho. Niliona, lakini mtu mwenye maumivu hukosea mambo madogo, nikaliacha lipite.

Jioni ile Cheche akasema dawa ipo na iko karibu: amwite shangazi. Shangazi ni dada wa marehemu mume wangu, na mikono yake inajulikana. Ukiamka umelalia shingo vibaya anakukalisha kwenye kigoda, anakupaka mafuta ya moto, anakukanda mabega mpaka ulegee. Ukishalegea anakushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, anakuambia tazama kule, na wewe ukitazama kule anakupeleka huku. Shingo inalia kah. Unatukana, unainuka, umepona. Hakuna mtu katika ukoo wetu ambaye hajala kah lake. Mimi mwenyewe ananifanyia kila baridi ikianza. Kwa hiyo tulikubaliana aje Jumapili tule pamoja, kisha amshughulikie mgonjwa wake.

Alikuja na kichupa chake cha mafuta kwenye pochi. Tukala. Kitinda alikula upande mmoja wa mdomo kwa sababu kutafuna kulimuuma. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani chini kidogo, kwamba mwanga unamkera, hivyo sikuwa nimemtazama vizuri usoni. Baada ya chakula mjukuu akanivuta nguo.

"Bibi, tega."

"Haya. Kitendawili."

"Tega."

"Yupo humu ndani anavaa nguo za kila mtu, na za kwake hana."

Cheche alisema ni kamba ya kuanikia. Nikamwambia kamba iko nje, nimesema humu ndani, asikilize mtu anapotega. Mjukuu akasema ni kiti cha baba, maana baba kila akirudi kazini anatupia shati hapo. Shangazi akacheka mpaka akakohoa, akasema huyo mtoto apewe chuo kikuu. Cheche akasema kiti hakivai, kiti kinavalishwa. Wakabishana, na hakuna aliyekitaja kioo.

Hapo ndipo mjukuu akamnyooshea mama yake kidole.

"Mama anajua."

Kitinda alikuwa amejiegemeza kwenye ukuta, kitambaa kimerudi nyuma, na kope la kushoto limeshuka nusu.

"Mwone," Cheche akasema. "Kimya kama hayupo, kumbe keshalipata zamani. Wewe si unaumwa?"

"Anakwepa masufuria," shangazi akasema. "Hajui lolote. Anayeshusha kope la uongo anaosha peke yake, sheria si ndiyo hiyo, wifi?"

"Ndiyo hiyo," nikasema. "Haya mwanangu, ninong'oneze jibu."

Kitinda akanitazama. "Jibu la nini?"

"La kitendawili. Si umeshusha kope."

"Sijashusha kope."

Cheche akapiga meza kwa kiganja, anafurahi. "Na anakataa. Jicho hilo hapo limeshuka kama pazia, na anakataa."

"Mama, sijashusha kitu," Kitinda akasema. Hakuwa anacheza. Namjua anapocheza, pembe ya mdomo wake inatangulia kumsaliti. Safari hii mdomo ulikuwa umetulia kabisa. "Mbona mnanitazama hivyo wote?"

Nikamwambia, "Liinue."

Akainua nyusi zote mbili. Jicho la kulia likafunguka wazi. La kushoto likabaki pale pale lilipokuwa.

Kulikuwa na redio inaongea kwa jirani, nakumbuka, habari za mvua. Mjukuu bado alikuwa anacheka, akaona sisi tumeacha, naye akaacha. Nilijivuta karibu, nikamshika binti yangu uso kwa mikono miwili, nikamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Mboni ya kulia ilikuwa kubwa ya kawaida. Ya kushoto ilikuwa ndogo, kama tundu la sindano. Macho mawili ya mtu mmoja, moja limeona jua kali na jingine liko kivulini.

Katika maisha yangu nimetega vitendawili vingi na nimetegwa vingi, na kila kimoja hata kikiwa kigumu vipi mtegaji analijua jibu. Hiki kilikuwa mbele yangu usoni mwa mwanangu, na katika chumba kile hapakuwa na mtu anayelijua jibu lake.

"Ni uchovu," shangazi akasema. "Msuli umekaza, umevuta na jicho. Nimewaona wa namna hiyo. Lete kigoda."

Na Kitinda mwenyewe, maskini, akainuka kwenda kukaa. Alikuwa hajalala vizuri tangu Ijumaa. Alitaka mtu yeyote amshike pale panapouma. Shangazi akamwaga mafuta kiganjani, akayasugua mpaka yakapata moto, akaanza mabegani. Kitinda akafumba macho akashusha pumzi.

"Hapo, shangazi. Hapo hapo."

"Nimepaona. Pamekuwa pagumu kama ubao. Legea, binti yangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na nilijua mpangilio wa kazi ile kama ninavyojua kusuka ukili. Mabega kwanza. Halafu kisogo. Halafu kidevu. Vidole vyake vilikuwa vinapanda. Kila vikipanda moyo wangu ulikuwa unapiga juu zaidi, mpaka nikausikia masikioni, na nikakumbuka mwanangu amesikia ufagio sikioni tangu jana, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku niliyomzaa.

Mkono wa kushoto wa wifi yangu ukashika kidevu.

"Wifi, ngoja."

"Nini tena?"

"Toa mikono."

Akanitazama, hajaiondoa. "Umesemaje?"

"Jicho limeshuka lenyewe. Mimi sijui lina nini, na wewe hujui lina nini. Usimgeuze kichwa mtu ambaye hatujui ana nini."

"Mikono hii imemnyoosha kaka yangu," akasema taratibu, "imekunyoosha wewe, leo imekuwa ya mchawi?"

Cheche alitazama ukuta. Mkwe hana pa kuingilia kati ya mama mkwe na shangazi, na sikumlaumu. Kitinda akasema bila kufungua macho, "Mama, mwache. Linauma mno, mwache amalize."

"Wifi yangu," nikasema, na sauti ilinitoka kama ya mtu anayeomba maji, "nichukie. Nitakuja kwako nipige magoti, utanisema unavyotaka. Sasa hivi mwachie kichwa."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Alifungua vidole kimoja kimoja, polepole, kama anayeweka chini yai. Akafuta mikono kwenye kanga yake.

Nikamwambia Cheche, "Washa gari."

Gari la Cheche ni pikapu ya kazi. Nyuma kuna mtungi wa gesi, mabomba ya chuma na geti la mtu lililokuwa halijapelekwa. Mjukuu tulimwacha kwa mama wa nyumba ya pili. Mbele tulikaa watatu, Cheche kwenye usukani, Kitinda katikati, mimi mlangoni nimemkumbatia kichwa kisitikisike. Shangazi, ambaye nilidhani atachukua pochi yake aende kwake, alipanda nyuma akakaa juu ya tairi la akiba, ameshikilia lile geti kwa mkono mmoja na mtandio kwa mwingine.

"Nenda taratibu," nikamwambia Cheche.

"Taratibu au haraka, mama? Chagua."

"Haraka, lakini bila mashimo."

"Hiyo barabara waijenge kwanza."

Kitinda akacheka kidogo, na kucheka kukamuuma. Kila tuta lililokuja nililiona mbali, nikamkaza kichwa kifuani kwangu. Jasho lake lilikuwa baridi. Alinukia mafuta ya shangazi. Nilikuwa namwuliza maneno ili asisinzie: umefunga mlango wa jikoni, kesho zamu ya nani kufungua karakana. Alinijibu vizuri tu. Amefunga. Zamu ni ya mwenzake.

Kwenye taa za barabarani tukasimama, na akasema, "Mama, nipe uzi."

"Uzi wa nini?"

"Uzi. Nina..." Akatazama chupa ya maji iliyokuwa mbele yake juu ya dashibodi. "Nipe uzi ninywe."

Cheche aligeuka. Nilimwashiria kwa macho asiseme neno. Nikachukua chupa, nikafungua kifuniko, nikamwekea katika mkono wa kulia. Vidole havikufunga. Chupa ilipita katikati yake kama imewekwa juu ya meza isiyokuwepo, ikaanguka, maji yakamwagika miguuni mwetu sote. Kitinda aliutazama mkono wake. Aliutazama jinsi unavyomtazama mtu aliyeingia nyumbani kwako bila hodi.

"Mkono," akasema. Halafu, "Pande. Pande la... mama. Mama."

Neno hilo moja ndilo lililobaki sawa, akalishikilia. Mama. Mama. Mama. Nami nikamjibu kila mara, nipo, nipo, na ndani ya kifua changu hapakuwa na mtu. Cheche alipita taa ikiwa bado nyekundu. Nilisikia shangazi huko nyuma anagonga kioo kwa kiganja, na sikuweza kugeuka kumwambia kinachotokea.

Tulipofika kwenye lango la hospitali mkono ulikuwa umeanza kurudi. Alikunja vidole, akavikunjua. Akasema, "Maji. Ni maji niliyotaka," akaanza kulia. Cheche alimbeba, ingawa alikuwa anaweza kutembea.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyotundikwa shingoni kwa kamba. Hakutukalisha tusubiri. Niliposema jicho, na Cheche aliposema mkono na maneno, alimlaza Kitinda kitandani saa ile ile akammulika tochi jicho la kulia, la kushoto, la kulia tena. Akazima taa ya chumba akatazama, akawasha akatazama. Akaweka kifaa chake cha kusikilizia ubavuni mwa shingo, chini ya taya, akatulia.

"Unasikia kitu sikioni?" akamwuliza.

"Mtu anafagia," Kitinda akasema.

Daktari akatikisa kichwa kwamba ndiyo, kana kwamba naye alikuwa anamsikia huyo mfagiaji. "Shingo iliumiaje?"

Cheche alieleza habari za kamba. Daktari alisikiliza yote, hata ile ya sabuni. Kisha akauliza, na aliuliza akitutazama mmoja mmoja, "Tangu hapo kuna mtu ameikanda? Kuna mtu ameigeuza, ameipigisha mlio?"

Shangazi alikuwa amesimama karibu na mlango. Mikono yake ilikuwa bado inang'aa mafuta, akaificha chini ya mtandio.

"Mimi," akasema. "Mabega, daktari. Mabega tu. Kidevu nilikishika. Sikugeuza."

"Hukugeuza?"

"Naapa sikugeuza. Huyu wifi yangu alinikataza."

"Basi mshukuru," daktari akasema, na hakusema kwa kumkaripia. Alikuwa tayari anaandika na kuita watu wa mashine ya picha. Ila shangazi alitafuta ukuta kwa mgongo, akateremka nao taratibu mpaka akakaa sakafuni. Nilikwenda nikakaa naye. Mkono wake ulikuja ukakamata wangu, unateleza kwa mafuta.

Picha zilipotoka daktari alituita wote, akamruhusu na Kitinda asikie, kwa kuwa shingo ni yake. Alituonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Palikuwa na mishipa miwili mikubwa inapanda shingoni kupeleka damu kichwani. Wa kulia ulipanda mnene, sawasawa. Wa kushoto ulianza mnene, halafu ukasinyaa ghafla kama mkia wa panya.

"Unafanya kazi gani?" akamwuliza Kitinda.

"Mkataji wa nguo."

"Basi utanielewa haraka. Mshipa huu una kitambaa cha nje na bitana ya ndani. Kamba ilipovuta, bitana ikachanika mahali. Damu imeingia kati ya bitana na kitambaa, imevimba humo, imebana njia. Hapo ilipobana damu inaganda vipande vidogo. Kipande kikichomoka kinapanda kwenye ubongo. Kile cha leo kilikuwa kidogo, kimeyeyuka. Neva za jicho zinapita juu ya mshipa huo huo, ndiyo maana kope likashuka."

Kitinda alifikiri. "Bitana ikichanika sisi tunafumua tunashona upya."

"Hapa mara nyingi hatushoni. Tunakupa dawa ya kuzuia damu isigande, tunakuacha utulie, na bitana hujishika yenyewe. Inachukua miezi. Kuna watu inawakataa, na hao tunawafanyia njia nyingine."

"Na kipande kingine kikichomoka?" Cheche akauliza.

Daktari alivua miwani. "Ndiyo tunachokizuia. Siku hizi za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Sitakudanganya. Kinaweza kuja kikubwa, kikachukua mkono, kikachukua maneno, kikamchukua mwenyewe. Ndiyo maana halali nyumbani."

Nilitazama mkono wa kulia wa mwanangu juu ya shuka, sugu ile kwenye kidole gumba. Nikawaza: mkono huu na ulimi huu, na roho iliyovishikilia, vyote vinaning'inia kwenye kitambaa cha ndani ambacho hakuna anayeweza kukishika na sindano.

Walimtundikia dripu, wakamchoma dawa tumboni. Muuguzi mmoja mnene mwenye viatu visivyotoa sauti ndiye aliyepewa kumwangalia. Kila baada ya muda anakuja, na kila anapokuja anafanya mambo yale yale. Jina lako nani. Tabasamu. Inua mikono yote miwili, ishikilie hapo. Haya, nibane vidole.

Kuanzia pale maisha yangu yote yalikuwa ni kungoja viatu hivyo visivyotoa sauti. Walituruhusu mtu mmoja kitandani, Cheche akarudi kwa mtoto, shangazi akabaki kwenye benchi la nje na hakutaka kuondoka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama mdomo wa Kitinda. Akilala nilihesabu kifua kinavyopanda na kushuka, na nikipotea hesabu niliogopa. Akiongea niliogopa zaidi, kwa sababu kila neno nililipima kabla halijafika: hili ndilo neno lenyewe, au ni jirani yake? Aliposema "mto" akimaanisha mto, nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mto. Mara moja alisema "lile, lile lidude" na roho ikanitoka, kumbe alikuwa hajui tu jina la kile chuma cha kutundikia dripu. Hata mimi sikulijua.

"Mama, acha kunitazama hivyo," akaniambia. "Unanitisha."

"Sikutazami."

"Unanitazama kama mtoto anayetazama puto."

Asubuhi, jua lilipokuwa limeshaingia wodini na watu wa usafi wanapitisha dekio, muuguzi akaja. Jina lako nani. Akalisema, lote, na la baba yake. Tabasamu. Akatabasamu, kope la kushoto bado limeshuka. Walisema hilo linaweza kukaa muda mrefu, pengine lisirudi. Inua mikono. Aliinua yote miwili, na nilitazama wa kulia kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Ulitetemeka kidogo. Ukateremka kidogo, kidogo tu, kuliko wa kushoto. Muuguzi akaona, nami nikaona kwamba ameona.

"Nibane vidole," akasema. "Kwa nguvu zako zote."

Kitinda akabana. Muuguzi akangoja, akasema, "Tena wa kulia." Akabana tena. Muuguzi akaandika, akasema atamwambia daktari, lakini uko vizuri kuliko jana, usiogope. Akaenda zake bila sauti.

Usiogope. Nilisogeza kiti karibu. Nikaingiza vidole vyangu ndani ya kiganja kile cha kulia.

"Nibane na mimi."

"Mama, si umeona sasa hivi."

"Nimeona kwa macho. Nibane."

Akanibana. Kwanza polepole, kama anavyoanza kitambaa kipya, halafu akaongeza. Nilisikia sugu yake ikinigusa mfupa. Akaongeza tena, mpaka pete ya marehemu baba yake kidoleni mwangu ikaanza kuniuma.

"Nitakuvunja vidole, mama."

"Vunja," nikamwambia.